Mstari wa Kocha

Jumapili, 1 Septemba 2013. Jeddah.

Daftari hili nimeliiba. Ni la Wafaa, binti wa hapa nyumbani. Alilitupa kwenye sofa likiwa na kurasa mbili tu zilizoandikwa, nikazichana hizo mbili, zilizobaki ni zangu. Asije mtu akaniambia habari za wizi. Mimi mwenyewe niliibwa kwetu Nambale, Kenya, mchana kweupe na wakala aliyesema Saudia wanatafuta mwalimu wa michezo kwa shule ya wasichana, mshahara mnono na chumba chenye feni. Feni ipo, hapo sitamsingizia.

Naandikia chumba cha kufulia. Madam akisikia mashine inanguruma anajua niko kazini, na mzunguko mmoja ni dakika hamsini. Nguo zikiwa nyingi nitaandika mengi. Zikiwa chache, basi.

Jina langu Selipher Nafula, miaka thelathini na moja. Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, inasema mfanyakazi wa nyumbani. Kafili, yaani mdhamini wangu kisheria, ni Baba Rayan, babake Wafaa na mwenye nyumba hii ya Al-Nuzha, na nilichokuwa kabla ya kufika hapa hakimhusu mtu yeyote humu ndani.

Jumanne, 3 Septemba

Wafaa alikuwa uani anatupa mpira wa kikapu kwenye ringi aliyofungiwa na babake, mimi naanika mashuka. Akakosa mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ulimi ukaniponyoka.

"Kiwiko ndani! Unatupa kama anayefukuza kuku."

La kiwiko nililisema kwa Kiingereza, la kuku kwa Kiswahili. Akanitazama kama kabati limezungumza. Nikaweka beseni chini, nikamnyang'anya mpira, nikatupa. Ukaingia bila kugusa chuma. Nikatupa tena, ukaingia tena. Kisha nikarudi kwenye mashuka yangu, nina furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu nishuke kwenye ndege.

Jumatano, 4 Septemba

Nguo chache. Joto la kuchemsha yai. Madam anauliza nani aliacha beseni uani.

Jumapili, 8 Septemba

Wafaa amemwambia mamake anataka nimbebee mkoba na maji mazoezini, siku tatu kwa wiki, kwa kuwa wenzake wote wana wa kuwabebea. Chuo chao ni cha wasichana peke yao, cha kulipia. Ukumbi umezibwa pande zote na simu zinaachwa mlangoni kwa mlinzi wa kike, pasipigwe picha. Sisi wabeba mikoba tuna benchi letu ukutani.

Msimamizi wa michezo anaitwa Bi Samia, mama wa miaka hamsini hivi mwenye saa ya dhahabu. Nilijua ni mtu wa Kiswahili aliponung'unika, "Watoto hawa watan'tia wazimu." Wazee wake waliondoka Unguja mwaka wa sitini na nne wakatua hapa, naye kazaliwa hapa. Filimbi anayo, mchezo haujui. Alikuwa akiwazungusha tu wale wasichana kama punda wa kinu. Nikashindwa kukaa.

"Shikamoo, Bi Samia. Wafundishe kurudi nyuma kwanza. Wakipoteza mpira wanasimama kuulilia."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Nabeba mkoba wa Wafaa."

"Na huo mkoba ndio uliokufunza mpira?"

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Kiwanja cha vumbi cha Nambale na ringi tuliyochomelewa na fundi wa baiskeli. Unahodha wa shule ya upili, timu ya chuo cha ualimu mpaka goti likaniachia, na miaka mitatu ya kuwafundisha wasichana wa shule ya mji wetu bila barua ya ajira. Akatazama sandali zangu za plastiki, akavua filimbi shingoni.

"Haya. Tuone."

Alhamisi, 12 Septemba

Saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni mimi ndiye mkubwa. Leo nimemkimbiza Wafaa mara ishirini, ukuta hadi ukuta, kwa sababu ana mikono miwili na hakuna hata mmoja unaotoa pasi. Akiupata mpira anauficha, kisha anatupa mwenyewe. Wenzake wamezoea kusimama kumtazama. Nilipiga filimbi mpaka akatapika kwenye ndoo.

Saa kumi na mbili na nusu tuko nyumbani. Wafaa akavua viatu vyake vya mazoezi, akavitupa miguuni pangu. "Osha. Kwa mswaki." Havikuwa hata na vumbi.

Nimeviosha kwa mswaki. Nilitumia ule wake wa meno.

Jumanne, 17 Septemba

Mechi ya kwanza. Tumeshinda, 38 kwa 29! Niliketi benchi la wabeba mikoba, Bi Samia kasimama mbele na saa yake. Nikikohoa mara moja, anaita mapumziko. Nikikohoa mara mbili, anabadilisha mchezaji. Leo nimekohoa hadi dada wa benchini akaniletea tangawizi.

Mwisho wa mechi meza huleta karatasi ya matokeo, imejaa Kiarabu nisichokisoma. Hadil, msichana mfupi mwenye kasi kuliko wote, alinionyesha mstari wa chini: hapo hutia sahihi kocha, na pembeni namba ya ikama yake. Bi Samia akaichukua ile karatasi, akainama juu yake kidogo, akaikunja na kuitia kwenye faili.

"Bi Samia, andika jina langu."

"Ngoja kwanza."

Ngoja. Ninalijua neno hilo. Nambale, naibu mkuu wa shule, Bwana Hillary, aliniambia ningoje miaka mitatu, na kila karatasi ya mechi ilitiwa sahihi na yeye, mtu asiyejua hata mpira una hewa ndani. Chuo kimoja cha Busia kilipotaka kocha nilikwenda mbio. Mkuu wao, mama mpole, alisema, "Mwanangu, nakuamini. Lakini bodi haitaniamini mimi. Niletee karatasi yoyote yenye jina lako kama kocha. Moja tu." Sikuwa nayo. Wiki hiyo ndiyo nilikwenda kwa wakala.

Na sasa Mzanzibari huyu na saa yake ya dhahabu.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimekutana na Maryann, Mkenya wa nyumba ya jirani, kwenye pipa la taka.

"Selly, umesikia hii story ya tarehe tatu November? Wanasema karatasi zako lazima zifanane na kazi yako. Ukishikwa unafanyia mtu si kafili wako, ni jela, alafu huruji, exit visa, halas, unarudishwa home. Na kafili pia anakula fine."

"Mimi niko sawa. Nalala kwa kafili wangu."

"Wee ringa tu. Lakini pia unaweza change kafili before hiyo date, kama huyu wako atasign akuachilie."

Hilo la mwisho ndilo nililorudi nalo ndani. La kwanza niliwaachia wanaotoroka.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimemwambia Bi Samia kavukavu: chuo kinichukue, kiwe kafili wangu, niandikwe mkufunzi wa michezo. La sivyo Jumapili nitabeba mkoba na kunyamaza.

"Wan'tisha?"

"Ndiyo."

Akacheka puani. Lakini jioni alimpigia Baba Rayan. Hakumwambia kuwa nafundisha; alisema chuo kinahitaji mhudumu wa kutunza vifaa vya michezo, na binti yake amenisifu. Baba kasema atatia sahihi ya kuniachilia baada ya Idi. Madam hajasema kitu, ila leo ameniongezea mazulia matatu.

Jumanne, 1 Oktoba

Tumefungwa. 52 kwa 31. Wafaa katupa mwenyewe mara ishirini na nne, nilihesabu.

Mapokezi ya nyumbani yalikuwa ya aina yake. Madam alikuwa jukwaani leo, akamrushia bintiye maneno tangu garini. Mimi niliangalia nje.

Nitaandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi. Kosa lilikuwa langu. Niliwapanga kila mchezaji na mtu wake, na wale wapinzani wana miguu mirefu, wakatupita kama tumepandwa. Ningewapanga kulinda eneo, tusingefungwa kumi na tano za mwanzo. Sikumwambia mtu. Wafaa alilia mpaka kwikwi, nami nikaacha alie.

Mkuu wa chuo alimwita Bi Samia, na Hadil anasema yeye ndiye aliyejibebesha lawama. Sawa. Anayekula nyama na atafune mifupa.

Jumapili, 6 Oktoba

Wafaa kaniita hadama, yaani kijakazi, mbele ya timu nzima. "Yalla, hadama, maji." Nimempa maji. Kisha nimemkimbiza mara thelathini.

Jumanne, 8 Oktoba

Tumeshinda, 44 kwa 30, tukilinda eneo. Karatasi ikaja, Bi Samia akainama, akaikunja, akaitia kwenye faili. Safari hii nilimfuata hadi mlangoni.

"Unaniibia."

Alisimama. Uso wake ulibadilika, nikadhani atanizaba kofi.

"Mimi si mwenzio wa kupayukiana mlangoni. Nimekwambia ngoja, ngoja."

"Nimengoja tangu Nambale."

"Basi huko Nambale hawakukufunza kungoja."

Namchukia kuliko Madam. Madam hajawahi kusema kuwa yeye ndiye aliyefagia.

Jumanne, 15 Oktoba. Idi.

Kondoo watatu, wageni arobaini, mimi mmoja. Mikono inanuka mafuta. Siandiki.

Alhamisi, 24 Oktoba

35 kwa 33. Tumeingia fainali! Ni Riyadh, Alhamisi ijayo. Hadil alinirukia shingoni mbele ya wabeba mikoba wote, nikasahau kukasirika dakika nzima.

Karatasi. Kainama, kakunja, faili.

Baba amesema Jumapili tarehe tatu, siku ya mwisho yenyewe, atanipeleka kutia sahihi. Fomu ipo kwenye folda ya bluu juu ya friji. Kila nikichukua maziwa naitazama.

Jumatano, 30 Oktoba. Riyadh.

Hakuna mashine hapa, naandikia kitandani hotelini. Tumekuja kwa ndege na Wafaa na Madam, mkoba ni juu yangu.

Mchana jezi mbili zilikuwa zimechanika, Bi Samia akanichukua kwa gari la chuo hadi mtaa wa Manfuha, ambako kuna fundi cherehani wa bei nafuu. Nyumba kuukuu, vichochoro, na kila mlango una mifuko iliyofungwa kamba. Wanawake wa Kihabeshi wamekaa juu ya mizigo yao, wengine wanauza masufuria barabarani. Jumapili muda unaisha, kisha msako unaanza. Bi Samia hakushuka garini. Aliwatazama muda mrefu.

"Hawa wote waliandikwa kazi hii wakafanya ile," akasema. "Na wala si wezi."

Nilidhani anaanza siasa. Nikamwambia jezi namba saba bado ina tundu.

Alhamisi, 31 Oktoba. Riyadh.

Nitaandika mpaka mkono uchoke.

Robo ya tatu tuko nyuma kwa tisa. Wafaa ana faulo nne na bado anakumbatia mpira kama urithi. Nikakohoa mara mbili. Bi Samia akageuka kunitazama, maana Madam alikuwa jukwaani, mke wa mtu mwenye kalamu ya kunisainia. Nikakohoa tena. Sikujali. Nisipomtoa mchezaji anayetuzamisha kwa kumwogopa mamake, basi mimi ni mbeba mkoba kweli. Bi Samia akamtoa.

"Selifa!" Sauti ya Madam ikashuka kutoka juu. "Mwambie amrudishe!"

Kumbe Madam alijua. Siku zote alijua nani anakohoa.

Wafaa alikuja kuketi karibu nami, kwenye benchi la wabeba mikoba, mara ya kwanza katika maisha yake. Alikuwa akilia kwa hasira.

"Unanichukia," akasema kwa Kiingereza.

"Ndiyo. Sasa sikiliza. Wewe wanakufuata wawili kila wakati, kwa hiyo Hadil yuko peke yake kila wakati. Nikikurudisha na usimtazame Hadil, nitakutoa tena mbele ya mama yako."

Nilimrudisha zikiwa zimebaki dakika tatu. Pasi, Hadil, mbili. Pasi, Hadil, mbili. Sekunde nane za mwisho, 40 kwa 39, wao mbele, Wafaa na mpira, walinzi wawili usoni, na ringi mbele yake ambayo angeweza kuitupia akiwa usingizini. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mpira ulikuwa mikononi mwa Hadil, kisha hewani, kisha ndani ya wavu.

41 kwa 40!

Sijui nilipiga kelele gani. Wasichana wote walikuja kwenye benchi langu, si kwa Bi Samia. Yeye alikuwa amekwenda mlangoni kuwachukulia simu zao. Ndipo mama wa mezani akaja na karatasi na kalamu, akawatazama wasichana waliorundikana juu yangu, akauliza kwa Kiarabu kocha yuko wapi.

"Mimi," nikasema, kisha nikarudia kwa Kiarabu: "Ana."

Nikaandika Selipher Nafula Wandera, kwa herufi kubwa. Pembeni nikaandika namba ya ikama, ninayoijua kwa moyo, sikukosea hata tarakimu moja. Bi Samia alirudi na simu mkononi, akaiona karatasi ikiondoka. Nilimtazama machoni nikatabasamu. Akaketi chini taratibu kama mtu aliyeishiwa nguvu, nikasema moyoni, leo umeshikwa, mwizi.

Jumamosi, 2 Novemba. Jeddah.

Simu ilipigwa saa nne asubuhi. Chuo cha Riyadh tulichokifunga kimelalamika kuwa kocha wetu ni hadama wa mtu. Wana jina, wana namba, na namba imewapeleka moja kwa moja kwa kafili.

Baba Rayan hakupiga kelele. Aliketi na folda ya bluu magotini.

"Selifa, Riyadh ulikwenda kufanya nini?"

"Kubeba mkoba, Baba."

"Umefanyia kazi mtu mwingine kwa namba yangu. Sasa hivi! Wiki hii! Unajua faini yake? Unajua watanizuia kuleta mfanyakazi?"

Nikatazama sakafu. Hapo ndipo maneno ya Maryann ya pale kwenye pipa yalinirudia, yote, neno kwa neno, na wale wanawake wa Manfuha juu ya mizigo yao. Nilidhani ni mambo ya wanaotoroka. Nilijiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Ningeweza bado kukana. Nilifungua mdomo nikane. Wafaa akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kushindana:

"Baba, si mkoba. Yeye ni kocha wetu. Ametufundisha tangu Septemba, siku tatu kila wiki. Bila yeye tusingeshinda hata moja."

Miezi miwili nilimngoja aniite hivyo. Akaniita leo.

Baba akaifunga folda. "Mafi chuo, hakuna tena. Halas. Huruji. Uondoke kabla hawajagonga mlango wangu."

Jumapili, 3 Novemba

Siku ya mwisho. Hakuna aliyenipeleka popote. Folda haipo juu ya friji.

Jumanne, 5 Novemba

Maryann anasema wanakamata watu mitaani tangu jana. Ushindi wetu umefutwa, kombe wamepewa wa Riyadh. Wafaa alikuja hapa kwenye mashine, akasimama, akaondoka. Viatu vyake kaviosha mwenyewe. Vibaya.

Jumatano, 6 Novemba

Ndege ni saa tatu usiku. Nguo za leo ni zangu mwenyewe, zinazunguka peke yake, Madam karuhusu.

Bi Samia amekuja na katoni ya tende kwa Madam, kisha akaomba kuniaga. Aliingia humu na kusimama kando ya sabuni, saa ya dhahabu mkononi, faili kwapani.

"Umekuja kunicheka," nikasema.

"Nisikilize kwanza." Akafungua faili, akatoa karatasi nne, akazipanga juu ya mashine. "Soma mstari wa chini."

"Sijui Kiarabu."

"Hapana haja ya Kiarabu."

Nikatazama. Septemba kumi na saba. Oktoba mosi. Oktoba nane. Oktoba ishirini na nne. Kila moja, mstari wa kocha ulikuwa mtupu. Hapakuwa na sahihi yake. Hapakuwa na kitu.

"Nilikuwa nawaambia wa mezani nitatia baadaye," akasema. "Nilingoja upate ikama ya chuo, ndio ujiandike zote kwa mpigo."

Nilihisi uso unawaka. Kisha hasira ikanirudia, nyingine, iliyo safi zaidi.

"Mbona hukuniambia? Neno moja tu, Bi Samia! Ungesema wakiona jina langu nitafukuzwa, ningekata mkono wangu kabla ya kuandika!"

Akaizungusha saa yake ya dhahabu mkononi.

"Ningekwambia hatari yake, usingekuja tena," akasema. "Na mie timu nilikuwa naitaka. Ndiyo hivyo. Nichukie, una haki."

"Nakuchukia."

"Haya."

Mashine ikageuka kukamua, karatasi zikaanza kutetemeka juu yake, akazishikilia kwa viganja vyote viwili zisianguke.

"Sasa waondoka, hapana wa kukudhuru. Nimezitia muhuri wa chuo, na hilo mkuu wetu hajui, n'tajijua mwenyewe. Huko kwenu kuna mtu alikuomba karatasi?"

"Moja tu," nikasema.

"Hizi nne." Akanipa kalamu. "Tia hata hizo tatu za ushindi tu, ukitaka. Ile ya kufungwa niachie mimi, niliisha kuibeba."

Nikafuta mkono kwenye kanga, nikavuta ile ya Oktoba mosi, hamsini na mbili kwa thelathini na moja, nikaanza na hiyo.